Kekkonen na ufunguo wa Moscow

Mwaka 1975 Benki ya Ufini ilitoa noti mpya ya marka 500 yenye picha ya rais wa nchi, Urho Kekkonen, ambaye wakati huo alikuwa hai, alikuwa bado ofisini, na alikuwa amekwisha kutawala kwa miaka 19. Kwa msomaji wa Nairobi au Kinshasa jambo hilo halina ajabu, kwa kuwa sura ya mkuu wa nchi kwenye fedha tuliizoea zamani. Lakini Ufini ilikuwa jamhuri ya kibunge ya kaskazini mwa Ulaya, yenye vyama vingi, magazeti ya watu binafsi na mahakama huru, na katika nchi za namna hiyo mwanasiasa kwa kawaida hungojea azikwe ndipo apewe heshima ya noti. Kekkonen aliapishwa tarehe 1 Machi 1956 na mrithi wake hakuapishwa hadi Januari 1982. Hakupindua serikali wala hakufuta vyama. Iliwezekanaje, basi, katika nchi yenye bunge linalofanya kazi, mtu mmoja akae juu kwa zaidi ya robo karne, tena mwishoni akiungwa mkono hata na vyama vilivyokuwa vimeapa kumwondoa?

Jibu linaanzia Moscow. Kekkonen alishika ufunguo wa mlango ambao nchi nzima ilihitaji ufunguliwe taratibu na usipigwe teke, na aliutumia ufunguo huo kuilinda nchi na kujilinda mwenyewe kwa mkono uleule. Wengi wanaoandika juu yake hujaribu kuitenganisha mikono hiyo miwili, ili wabaki ama na mwokozi wa taifa ama na kibaraka wa Warusi. Nimesoma hoja za pande zote mbili kwa muda mrefu, na kila ninapofika kwenye tukio lenyewe naona mkono ni mmoja.

Uzito wa mlango huo hauwezi kueleweka bila kurudi mwaka 1944. Ufini, nchi ya watu wasiofika milioni nne, ilikuwa imepigana na Umoja wa Kisovieti mara mbili katika muda wa miaka mitano: kwanza katika majira ya baridi ya 1939 na 1940, ilipovamiwa, kisha kuanzia 1941, ilipoingia vitani sambamba na Ujerumani ya Hitler ikitaka kurudisha ilichonyang'anywa. Haikushinda, ingawa jeshi la Kisovieti halikuwahi kufika Helsinki, na tofauti hiyo ndiyo iliyoiepusha na yaliyozipata nchi nyingine za mashariki mwa Ulaya. Bei ilikuwa kubwa. Sehemu kubwa ya Karelia ilikwenda, na wakazi wake zaidi ya 400,000 walifungasha mizigo na kuhamia upande uliobaki. Fidia ya dola milioni 300 ililipwa kwa meli, mitambo na bidhaa za mbao hadi mwaka 1952. Porkkala, rasi iliyo jirani na Helsinki, ilikodishwa kwa lazima iwe kambi ya jeshi la Kisovieti. Kisha mnamo Aprili 1948 ukasainiwa Mkataba wa Urafiki, Ushirikiano na Kusaidiana, ambao Wafini huuita kwa herufi zake tatu, YYA. Mkataba huo ulisema kwamba Ujerumani, au nchi yoyote iliyoungana nayo, ikitaka kuushambulia Umoja wa Kisovieti kwa kupitia Ufini, Wafini watapigana kuilinda ardhi yao, na ikibidi watasaidiwa na Wasovieti. Na ibara ya pili ikasema kwamba tishio la namna hiyo likionekana, pande mbili zitashauriana. Neno hilo, kushauriana, ndilo lililowakosesha Wafini usingizi kwa miaka mingi, kwa sababu mashauriano ya kijeshi kati ya tembo na swala hujulikana yanavyoishia. Kekkonen alikuwa mmoja wa wajumbe waliokwenda Moscow kujadiliana juu ya mkataba huo.

Mtu huyu hakuanza akiwa rafiki wa Warusi. Alizaliwa tarehe 3 Septemba 1900 huko Pielavesi, katika eneo la Savo, baba yake akiwa mtu wa kazi za misitu, na akakulia Kajaani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918 alipigana upande wa Weupe, waliopambana na wanamapinduzi wa kisoshalisti walioitwa Wekundu, na akiwa bado kijana wa miaka 17 aliamuru kikosi kilichowapiga risasi wafungwa Wekundu katika mji wa Hamina, jambo ambalo alikuja kulikiri mwenyewe uzeeni. Baadaye alifanya kazi katika polisi ya upelelezi wa kisiasa, ambayo shabaha yake kubwa ilikuwa wakomunisti, na huko ndiko alikokutana na Sylvi Uino, mpiga chapa aliyekuja kuwa mke wake. Alikuwa mwanariadha wa kweli: mwaka 1924 alikuwa bingwa wa taifa wa kuruka juu. Mwaka 1936 alipata shahada ya udaktari wa sheria na kuingia bungeni kwa tiketi ya Chama cha Wakulima, na mara akawa waziri. Mwaka 1938, akiwa waziri wa mambo ya ndani, alijaribu kukipiga marufuku chama cha mrengo mkali wa kulia, mahakama ikamkatalia. Na mnamo Machi 1940, mkataba wa amani na Moscow ulipoletwa, yeye alikuwa miongoni mwa wachache walioupinga.

Kilichombadilisha ni hesabu. Wakati wa vita vya pili aliandika makala kwa jina la kubuni, Pekka Peitsi, na kadiri Wajerumani walivyozidi kurudi nyuma ndivyo makala zake zilivyozidi kuonyesha mtu anayefikiri juu ya siku ya pili baada ya kushindwa. Desemba 1943 alisema hadharani huko Stockholm kwamba usalama wa Ufini hauwezi kujengwa kwa kuungana na adui wa jirani yake mkubwa. Mwaka 1944 akawa waziri wa sheria, na kazi iliyomwangukia ilikuwa chungu: kusimamia mashtaka ya viongozi wa wakati wa vita, akiwemo rais wa zamani Risto Ryti, kwa sheria iliyotungwa baada ya matendo yenyewe kutendeka. Daktari wa sheria alijua vema kwamba sheria ya kurudi nyuma ni doa. Aliifanya kazi hiyo kwa sababu Tume ya Udhibiti ya washindi ilikuwa Helsinki ikisubiri, na kwa sababu aliamini kwamba mahakama ya Wafini, hata yenye doa, ni afadhali kuliko mahakama ya wengine. Hapo ndipo ninapoona Kekkonen wa baadaye akizaliwa, mtu aliye tayari kuikunja kanuni ya sheria kwa jambo analoliona kubwa kuliko sheria, na asiyepata shida sana kuamua jambo gani ni kubwa.

Baada ya kuwa spika wa bunge na waziri mkuu kwa vipindi vitano, aligombea urais mwaka 1956. Rais alikuwa hachaguliwi moja kwa moja na wananchi; wananchi walichagua wajumbe 300, nao wajumbe wakapiga kura kwa awamu hadi apatikane mwenye wingi. Katika awamu ya pili lilichomoza ghafla jina la rais aliyekuwa anaondoka, mzee Paasikivi, aliyekuwa na umri wa miaka 85. Wajumbe wa mrengo wa kikomunisti, ambao walimtaka Kekkonen, waliona kwamba mzee huyo akifika awamu ya mwisho atashinda. Kwa hiyo waligawa kura zao: wengine wakampigia mpinzani wao, Karl-August Fagerholm wa Chama cha Demokrasia ya Kijamii, ili Paasikivi abaki wa tatu na atolewe. Matokeo ya awamu hiyo yalikuwa Fagerholm 114, Kekkonen 102, Paasikivi 84. Katika awamu ya mwisho wakarudi kwao, na Kekkonen akapata kura 151 dhidi ya 149. Kura moja tu ikibadilisha upande, wangelingana. Siku aliyoapishwa, mgomo mkuu wa wafanyakazi ulianza nchi nzima.

Katiba aliyoirithi, ya mwaka 1919, ilimpa rais silaha nzito. Yeye ndiye aliyeongoza mambo ya nje, aliyeteua serikali na aliyeweza kulivunja bunge. Muhula ulikuwa wa miaka sita na haukuwa na ukomo. Marais waliomtangulia walizitumia silaha hizo kwa kiasi. Hilo ni la kukumbukwa, kwa maana makosa mengi anayobebeshwa Kekkonen yalikuwa tayari yameruhusiwa na maandishi.

Jaribio la kwanza lilikuja mwaka 1958. Fagerholm aliunda serikali ya vyama vingi iliyowaacha wakomunisti nje, ingawa walikuwa wametoka kupata viti 50 kati ya 200, na iliyowaingiza wanasiasa ambao Moscow haikuwapenda. Hakuna askari aliyevuka mpaka. Balozi wa Kisovieti aliondoka Helsinki bila kuaga na hakuletwa mwingine, mazungumzo ya biashara yakasimama, na viwanda vilivyotegemea soko la mashariki vikaanza kuhesabu siku. Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, aliyaita mambo hayo baridi ya usiku, ule umande unaoganda na kuua mazao alfajiri, na jina hilo limebaki katika historia. Kekkonen hakuisaidia serikali hiyo hata kidogo. Mawaziri wa chama chake walijiuzulu, serikali ikaanguka, na mnamo Januari 1959 yeye mwenyewe alikutana na Khrushchev Leningrad na mambo yakayeyuka. Kila mwanasiasa wa Helsinki alijifunza somo lilelile, kwamba serikali inaweza kuwa na wingi bungeni na bado isiweze kutawala, na kwamba yuko mtu mmoja anayeweza kuituliza Moscow.

Lakini kiini cha mabishano yote ni mwaka 1961. Wapinzani wa Kekkonen, kuanzia Chama cha Demokrasia ya Kijamii hadi wahafidhina, walikuwa wameungana kwa nia ya kumwangusha katika uchaguzi wa 1962, na mgombea wao alikuwa Olavi Honka, mwanasheria mkuu mstaafu. Kihesabu walikuwa na nafasi nzuri. Agosti 1961 ukuta ulijengwa Berlin. Oktoba Kekkonen alizuru Marekani, akakutana na Kennedy Washington, kisha akaenda Hawaii kupumzika. Tarehe 30 Oktoba, akiwa huko kwenye joto la pwani, ikaja habari kwamba Moscow imemkabidhi balozi wa Ufini barua ndefu juu ya hatari ya ubabe wa kijeshi wa Ujerumani Magharibi katika eneo la Baltiki, na kwamba barua hiyo inaitaka Ufini ianze mashauriano ya kijeshi kwa mujibu wa mkataba wa 1948. Lile neno lililoogopwa kwa miaka 13 lilikuwa limetamkwa. Kekkonen alimtanguliza nyumbani waziri wake wa mambo ya nje, Ahti Karjalainen, naye akaendelea na ratiba hadi Los Angeles, akihutubia kwa sauti ya utulivu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Karjalainen alitumwa Moscow na akaambiwa na Gromyko, waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti, kwamba Wasovieti wanataka kuhakikishiwa kuwa siasa ya nje ya Ufini haitabadilika. Tarehe 14 Novemba Kekkonen alilivunja bunge, na kwa hatua hiyo vyama vilivyokuwa vimeungana nyuma ya Honka vililazimika kushindana vyenyewe kwa vyenyewe katika uchaguzi wa bunge. Bado Moscow haikulegea. Hatimaye akasafiri hadi Novosibirsk, Siberia, ambako Khrushchev alikuwa ziarani, na tarehe 24 Novemba wakakubaliana kwamba mashauriano yaahirishwe. Badala yake Ufini ingefuatilia yanayotokea kaskazini mwa Ulaya na kwenye Bahari ya Baltiki, na ikiona haja ingeijulisha Moscow yenyewe. Siku hiyohiyo, kabla Kekkonen hajarudi, Honka alitangaza kwamba anajitoa kwa maslahi ya taifa. Uchaguzi ulipofanyika Kekkonen alipata kura 199 kati ya 300.

Je, barua ile iliagizwa? Hannu Rautkallio, mwanahistoria aliyemshambulia kwa ukali kuliko wengine, anashikilia kwamba mkasa mzima ulipangwa ili Kekkonen abaki madarakani. Juhani Suomi, aliyeandika wasifu wake wa juzuu nyingi, anasema chanzo kilikuwa Berlin na mvutano wa mataifa makubwa, na kwamba Ufini ilijikuta njiani. Mimi naona hoja ya kuagiza inataka zaidi ya kilichohitajika. Moscow ilikuwa na sababu zake mbili kwa wakati mmoja: ilitaka kuwatisha Wajerumani na majirani zao wa Skandinavia, na ilitaka Kekkonen abaki. Haikuhitaji kuombwa. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba alipoletewa tufani ile alijua kuelekeza tanga lake, na kwamba kuvunja bunge kulifuata mpango ambao yeye na watu wake walikuwa wameufikiria tangu miezi ya nyuma. Aliiokoa nchi na mashauriano ya kijeshi, na papo hapo akafuta upinzani wote dhidi yake. Honka alikuwa raia mwenye haki kamili ya kugombea, na haki hiyo ilizimwa na barua ya serikali ya kigeni. Kwa hilo sioni namna ya kumsafisha rais aliyenufaika nalo.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kuishia hapo. Mwaka 1955, akiwa waziri mkuu, alikuwa pamoja na Paasikivi huko Moscow ilipokubaliwa kwamba Porkkala irudishwe, na mwanzoni mwa 1956 jeshi la Kisovieti liliondoka. Septemba 1960 Khrushchev alikuja Helsinki kwenye sherehe za miaka 60 ya kuzaliwa kwa Kekkonen, na usiku ule wakaingia sauna ya Tamminiemi, makazi ya rais, wakakaa humo wakizungumza karibu hadi alfajiri. Sauna si mahali pa itifaki. Huwezi kukaa na nishani kifuani, na huwezi kumsomea mwenzako taarifa iliyoandikwa na wizara. Muda mfupi baadaye Moscow iliacha pingamizi lake, na mwaka 1961 Ufini ikasaini mkataba wa kuhusishwa na EFTA, jumuiya ya biashara huria ya nchi za magharibi. Uchumi wa nchi iliyouza karatasi na mbao Uingereza ulitegemea jambo hilo kwa kiasi ambacho hakiwezi kukuzwa kwa maneno.

Machi 1964 alipata ruhusa ya kuzuru Estonia, iliyokuwa imemezwa na Umoja wa Kisovieti, na katika Chuo Kikuu cha Tartu akahutubia kwa Kiestonia. Kwa watu ambao lugha yao ilikuwa ikisukumwa pembeni nyumbani kwao, kumsikia mkuu wa nchi ya kigeni akiizungumza jukwaani lilikuwa jambo ambalo wazee wa huko walilisimulia kwa miaka. Mwaka 1978 waziri wa ulinzi wa Kisovieti, Ustinov, alipendekeza majeshi ya nchi mbili yafanye mazoezi ya pamoja, na Kekkonen, akiwa na miaka 77, akakataa. Na kati ya tarehe 30 Julai na 1 Agosti 1975 wakuu wa nchi 35, akiwemo kiongozi wa Kisovieti Brezhnev na Rais Ford wa Marekani, walikaa katika ukumbi wa Finlandia wakasaini hati ya usalama na ushirikiano wa Ulaya, ambayo vifungu vyake vya haki za binadamu vilikuja kutumiwa na wapinzani wa Prague, Warsaw na Moscow yenyewe. Mwenyeji wao alikuwa Kekkonen, na siku zile zilikuwa kilele cha maisha yake.

Nyumbani, gharama ilikuwa ya namna nyingine. Wanasiasa wa Ujerumani Magharibi walieneza neno lililoundwa kutokana na jina la nchi, wakimaanisha hali ya taifa dogo linalojinyamazisha lenyewe ili jirani mkubwa asikasirike, na Wafini walilichukia kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Ubalozi wa Kisovieti ulikuwa barabara ya Tehtaankatu, na ilifika mahali mtu akisema tu Tehtaankatu kila mmoja alijua ni nani anayezungumziwa. Mwanasiasa aliyetaka kupanda cheo alikuwa na afisa wake wa ubalozini wa kula na kunywa naye, mara nyingi mtu wa KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti, na watu wakampa jina la Mrusi wa nyumbani. Wahariri walipima maneno kabla ya kuyachapa. Wahafidhina, ambao walikuwa miongoni mwa vyama vikubwa, hawakuingia serikalini kuanzia 1966 hadi 1987, na ilipoulizwa kwa nini, jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba kuna sababu za jumla. Hakuna aliyezitaja sababu hizo, na hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Kekkonen alichangia hali hiyo kwa kalamu yake mwenyewe. Alikuwa mwandishi mkali wa barua, na wahariri, maprofesa na viongozi wa vyama walizipokea zikiwa na karipio ambalo halikuacha nafasi ya kujibu. Barua ya rais haikuwa amri kisheria. Lakini mhariri anayeandikiwa na mtu anayeteua serikali, anayeongoza mambo ya nje na anayetazamiwa kubaki kwa miaka mingi ijayo, huisoma kwa macho tofauti na anavyosoma barua ya msomaji wa kawaida.

Tukio linaloonyesha jinsi hofu ilivyokuwa imekomaa ni sheria ya mwaka 1973. Ufini ilitaka mkataba wa biashara na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, na Moscow ilikuwa na mashaka. Agosti 1972 Kekkonen alizungumza na Brezhnev huko Zavidovo, mahali pa mapumziko na uwindaji, na kumbukumbu ya mazungumzo hayo ikavuja hadi magazetini. Alikasirika, akasema yeye hawezi tena kuendelea. Vyama vilishikwa na woga, na vikaja na dawa ambayo hata leo inashangaza: badala ya kungoja uchaguzi wa 1974, bunge lilipitisha mnamo Januari 1973 sheria ya pekee iliyomwongezea muhula kwa miaka minne. Sheria ya namna hiyo, ikipitishwa kwa haraka, ilihitaji sehemu tano kati ya sita za kura, na ikazipata: 170 dhidi ya 28. Wananchi hawakuulizwa. Mkataba wa biashara ulisainiwa mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Wanaomtetea husema kwamba hakuiomba sheria hiyo, bali aliombwa na wengine. Ni kweli kwamba vyama ndivyo vilivyombembeleza, na kwa maoni yangu huo ndio ushahidi mzito zaidi dhidi ya utawala wake. Kufikia 1973 tabaka zima la wanasiasa, wakiwemo wale waliompinga mwaka 1961, lilikuwa limekwisha kuamini kwamba nchi haiwezi kupata mkataba wa kibiashara bila mtu huyu mmoja. Imani hiyo haikujengwa na Moscow peke yake. Kekkonen aliijenga kwa miaka 17, kwa kutomwachia mtu mwingine yeyote ajulikane vizuri upande wa pili wa mlango; Karjalainen, ambaye kwa muda mrefu alidhaniwa kuwa mrithi, aliinuliwa kisha akaachwa.

Baada ya hapo mambo yakawa ya mtu mmoja waziwazi. Alilivunja bunge tena mwaka 1975, kama alivyokuwa amefanya mwaka 1971. Novemba 1975 aliwaita viongozi wa vyama ikulu, na mbele ya kamera za televisheni akawaambia kwamba ukosefu wa kazi umekuwa janga na kwamba anataka serikali ya dharura iundwe mara moja. Ikaundwa baada ya siku chache. Mwaka 1978 alikuwa mgombea wa vyama vyote vikubwa, akapata kura 259 kati ya 300. Wenye uchungu waliipa nchi jina la Kekkoslovakia.

Kuhusu KGB, kumbukumbu zilizofunguliwa baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika zimewasha moto mpya. Hakuna shaka kwamba alikutana mara kwa mara na maafisa wa idara hiyo, kwa siri ambayo wizara yake mwenyewe haikushirikishwa, na kwamba wao katika taarifa zao walimwandika kama mtu wao wa kutegemewa. Lakini afisa wa upelelezi anayeandika kwa wakubwa wake ana kila sababu ya kukuza samaki aliyemvua, na mtu anayepokea maagizo hakatai mazoezi ya kijeshi na haendi Tartu kuwahutubia Waestonia kwa lugha yao. Aliutumia mfereji wa KGB kwa kuwa ulifika juu haraka kuliko ubalozi, na mfereji huo ukawafaa wao vilevile katika siasa za ndani za Ufini. Kosa lake hapo ni kwamba aliyazungumza na majasusi wa kigeni mambo ya vyama na uteuzi ambayo yalikuwa ya Wafini peke yao.

Mwisho ulikuja kimyakimya. Kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kupungua tangu miaka ya mwisho ya 1970. Waliomzunguka walijua, waandishi wengi walijua, na nchi haikuambiwa. Aprili 1981 alitaka kuiondoa serikali ya Mauno Koivisto, kama alivyoziondoa nyingine. Koivisto, mtu mpole wa kusema, alijibu kwamba kwa mujibu wa katiba serikali inahitaji imani ya bunge, na imani hiyo anayo, kwa hiyo hajiuzulu. Hakukuwa na jipya katika maneno hayo, kwa kuwa yalikuwa kwenye vitabu vya sheria tangu 1919, lakini yalitikisa nchi kwa sababu hakuna waziri mkuu aliyekuwa amethubutu kuyasema mbele ya mzee huyu. Agosti hiyo Kekkonen alikwenda Iceland kuvua samaki, akarudi mgonjwa. Septemba akapewa likizo ya ugonjwa na Koivisto akashika nafasi. Oktoba barua ya kujiuzulu ikatoka. Aliendelea kuishi Tamminiemi, mbali na macho ya watu, hadi alipofariki tarehe 31 Agosti 1986.

Koivisto ndiye aliyemrithi, na katika wakati wake zile silaha za 1919 zilianza kupunguzwa moja baada ya nyingine. Kufikia 1991 sheria ilikwishaweka ukomo wa mihula miwili mfululizo, na rais hakuweza tena kulivunja bunge bila ombi la waziri mkuu lenye sababu. Wajumbe wa uchaguzi walifutwa, na rais wa kwanza kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi tangu mwanzo hadi mwisho alikuwa Martti Ahtisaari, ambaye Kekkonen alimtuma Dar es Salaam mwaka 1973 akiwa balozi kijana. Aliapishwa tarehe 1 Machi 1994, miaka 38 kamili tangu siku ile ya mgomo mkuu. Alikaa muhula mmoja wa miaka sita, na siku aliyomkabidhi Tarja Halonen ofisi, tarehe 1 Machi 2000, ilianza kutumika katiba mpya inayosema kwamba mambo ya nje ya Ufini huongozwa na rais kwa kushirikiana na serikali.